Karatasi Zangu Zimefika

Mimi nina mdomo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga, na mpaka leo sijaacha. Lakini katika yote niliyowahi kuropoka, ya hasira na ya mzaha, hakuna yaliyoniponza kama maneno matatu niliyomwambia mama kwenye simu asubuhi moja ya mwezi wa nne, nimesimama jikoni kwa watu huko Bowie, Maryland, nikiwa na furaha tele. Nilisema, "Karatasi zangu zimefika."

Acha nieleze vizuri, maana nikiikimbiza hadithi hii mtu ataona ni kichekesho. Si kichekesho.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Kwa miaka miwili na nusu sasa namtunza mama mmoja Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu wa sanaa, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya matofali yenye bustani mbele. Namwita Mwalimu. Ujanani alisoma Kiswahili chuo kikuu, wakati ule vijana wenzake walipokuwa wakijitafutia majina ya Kiafrika, na wenzake walipoacha yeye hakuacha. Kiswahili chake ni cha kitabu, kimenyooshwa kwa pasi. Siku ya kwanza nilipoingia kwake alinikazia macho akangoja, nami sijui anangoja nini, mpaka akasema mwenyewe, "Binti, mdogo ndiye humwamkia mkubwa." Kumbe anataka shikamoo! Mimi mtu wa Nakuru, wapi na shikamoo? Kwetu ukisema "habari ya asubuhi" umejitahidi. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba" huku ametabasamu mpaka masikioni, na tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba.

Kabla ya kupigwa na kiharusi, Mwalimu alikuwa fundi wa visanduku. Visanduku vya kuwekea barua, pete, picha za marehemu. Alivijenga kwa kadibodi ngumu, halafu akavivisha karatasi ya mapambo kutoka Japani, na kuna duka moja mjini Washington lililokuwa likivichukua, pamoja na watu binafsi walioagiza. Kiharusi kilimwachia akili na ulimi, kikachukua mkono wa kulia. Mezani kwake kulikuwa na oda ambazo hazijaguswa. Mwezi wa pili wa kazi yangu akaniambia nikae, akanisogezea brashi. Nikamwambia mimi nimekuja kumwogesha na kumpa dawa, ufundi haumo kwenye makubaliano. Akasema, "Na mimi bado ni mzima." Basi nikakaa.

Sikuwa nimeona karatasi ya namna ile. Karatasi niliyoijua ni ya daftari, au ya kufungia mandazi. Hii ilikunjuliwa mezani nikadhani ni kitambaa. Ina maua, ina mawimbi, ina mapepeo, ina korongo wanaoruka, na kila ua limezungushiwa uzi mwembamba wa dhahabu. Inachapwa rangi moja baada ya nyingine, ya kwanza ikauke ndipo ya pili ije, na michoro yake ilitokana na nguo zao za sherehe. Inaitwa chiyogami. Mimi niliiita leso ya karatasi, maana kwetu leso ni kanga, Mwalimu akacheka, akaliandika jina hilo kwenye daftari lake kwa mkono wa kushoto. Ukiichana haikatiki kama ya daftari, inaacha nyuzinyuzi, kwa sababu imetengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi. Na ina juu na chini. Kisanduku changu cha kwanza korongo wote walikuwa miguu juu vichwa chini. Mwalimu alikigeuzageuza, akasema, "Hawa hawaruki, binti. Hawa wanaanguka."

Gundi ndiyo iliyonitoa jasho. Ukishaipaka, karatasi inalowa na kutanuka. Ukiibandika hapo hapo, ikikauka inasinyaa na kukipinda kisanduku chote. Lazima uiache kwanza mezani, uitazame inavyojikunjakunja, mpaka itulie yenyewe, ndipo uilaze juu ya kadibodi na kuisukuma kwa kipande cha mfupa laini, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ni dakika mbili au tatu tu, lakini mimi kwangu dakika mbili ni nyingi. Mwalimu alikuwa anainua mkono wa kushoto kama askari wa barabarani na kuniambia, "Bado. Itulie."

Kitu kingine alichonisumbua nacho ni sarufi. Nikisema "nimeshakata yale makaratasi," ananisimamisha. "Karatasi, binti. Karatasi hii, karatasi hizi. Hakuna makaratasi."

"Mwalimu, kwetu yapo."

"Basi kwenu mnakosea."

Tulibishana wiki nzima nikashindwa, maana mtu mwenye kamusi mbili juu ya friji humwezi. Kidogo kidogo nikaizoea karatasi yake isiyo na ma.

Hakujua kwa nini kwetu yapo, na mimi sikumwambia. Ukiwa Mkenya huku, makaratasi si kitu cha kukata na kubandika. Ni kibali cha serikali cha kukaa na kufanya kazi. Mtu akisema "fulani amepata makaratasi," maana yake fulani sasa anaweza kwenda nyumbani kuzika watu wake na akarudi. Mimi sina. Niliingia kwa viza ya miezi sita nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na mwaka huo ulikuwa wangu wa kumi na tatu. Nikitoka sirudi, na dawa za mama na karo ya watoto wa kaka yangu zinatoka kwenye mikono hii. Basi nimekaa.

Nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili, kwa sababu baba alikuwa Mluhya na mama ni Mkamba, na hakuna aliyekubali kumezwa na mwenzake. Miaka ya mwanzo mama, ambaye yeye huyaita karatasi tu, bila ma, aliniuliza kila Jumapili, "Karatasi zimefika?" Aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu kwenye laini anatusikiliza. Nami namjibu, "Bado, mama, tuombe." Mwaka wa saba akaacha kuuliza. Sikumwuliza kwa nini. Nilishukuru, nikajifanya sijaona.

Halafu macho yakaanza. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, kila mwaka ukungu unazidi, mpaka akawa anajua mchana na usiku na kivuli cha mtu mlangoni, basi. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyo na picha, anayoipapasa kwa vidole. Tulikuwa sauti tu, yeye na mimi. Kaka yangu, anayeishi naye Nakuru, alihangaika mpaka akampatia nafasi ya upasuaji mwezi wa tano, jicho la kushoto kwanza kwa sababu ndilo lililokuwa baya zaidi.

Hapo ndipo karatasi za Japani zilipoingia. Mapema mwaka huo Mwalimu aliniambia, "Sasa umekuwa fundi. Chagua karatasi zako mwenyewe, agiza kwa jina lako." Nilikaa na ule ukurasa wa picha siku tatu. Nikachagua ya buluu iliyokolea, ya nili, yenye maua meupe madogo ya mti wa plamu na mistari ya dhahabu kama nyufa za barafu. Nikaandika jina langu kamili, la ubatizo na la baba, na anwani ya Mwalimu.

Mtu mwenye kila kitu kwa jina lake hawezi kujua. Chumba ninacholala, Langley Park, kimeandikwa jina la mwenzangu tunayekaa naye, mama mmoja kutoka Goma. Simu yangu ni jina lake pia. Miaka kumi na tatu nimeishi kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba ya wenyewe. Kisha asubuhi ile mzigo ukaja mlangoni, bomba refu la kadibodi lililovuka bahari, lina mihuri ya Kijapani nisiyoweza kuisoma, na katikati, kwa herufi kubwa, jina langu. Mleta mizigo alilisoma kwa sauti, akalivuruga, nikaitika. Nililia hapo mlangoni, sioni haya kusema.

Mwalimu alikuwa bado amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, Nakuru saa kumi na moja jioni. Nikampigia mama.

"Mama! Karatasi zangu zimefika!"

Nikadhani laini imekatika.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Karatasi zangu! Zimefika leo. Ziko hapa mbele yangu, nimezishika."

"Zina jina lako?"

"Zina jina langu, mama. Limeandikwa kubwa kabisa!"

Mama alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Halafu vigelegele. Halafu "Asante Yesu, asante Yesu," na simu ikaanguka, nikasikia kiti kikisukumwa, mlango, sauti yake nje akiwaita majirani kwa majina. Laini ikakatika. Mimi nimesimama pale na bomba langu natabasamu. Nikajiambia, tazama mama anavyonipenda, hata karatasi za kubandika zinampigisha vigelegele. Haki ya Mungu ndivyo nilivyofikiri. Nikaenda kumwamsha Mwalimu anywe chai.

Nilielewa jioni, ndani ya basi la kutoka New Carrollton. Tulikuwa tumekwama kwenye ujenzi wa reli mpya, basi limejaa mpaka mlangoni, ndipo ujumbe wa kaka ukaingia. "Hongera sista. Mama ameniambia. Akina mama wa maombi wamejaa sebuleni wanaimba. Unaland lini?" Nililisoma neno "unaland", yaani unatua, mara tatu. Woi. Kumbe mama hakuwa ameacha kungoja. Aliacha kuuliza tu.

Ningempigia pale pale mambo yangeisha. Nilimpigia. Akashika mwenyewe, na nyuma yake watu bado wanaimba ingawa kwao ulikuwa usiku wa manane. Akasema, "Mwanangu, sikusikii vizuri, tuko kwenye shukrani, nipigie kesho." Sauti yake ilikuwa changa. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu baba afe. Nikasema, "Sawa, mama." Huo ndio ulikuwa uwongo wangu wa kwanza.

Mwenzangu wa Goma nilimweleza nikiwa bado sijavua viatu. Aliacha kusonga fufu, ugali wao wa muhogo, akanitazama na mwiko mkononi. "Ambia mama ukweli leo leo, dada. Ukiacha ilale, kesho itakuwa problème ya famille yote." Nikamwambia kesho. Akasema, "Kesho, kesho," akarudi kwenye sufuria.

Kesho yake sikusema. Mimi mwenye mdomo, ninayegombana na madereva wa basi na wenye maduka, niliufyata. Jumapili mama aliuliza naenda lini, nikasema bado kuna muhuri mmoja. Jumapili iliyofuata nikasema wameniambia ningoje barua. Jumapili baada ya hiyo nikasema barua imekuja lakini imekosewa tarehe, inarudishwa. Ajabu ni kwamba uwongo ulikuja wenyewe, na kila nilipoongeza mmoja nilijiambia nampa mama furaha ya wiki moja zaidi. Upuuzi mtupu. Niliogopa kuisikia ile sauti changa ikizeeka tena sikioni mwangu.

Huko Nakuru mambo yalikuwa yanakwenda. Mama alipakisha rangi chumba changu. Alinunua beberu, akamkataza kaka kumgusa, akawa anamlisha kwa mkono na kumwita kwa jina langu. Akina mama wa kanisa walishona vitambaa vya sare vya kunipokea. Kaka alikuwa ananitumia picha nami nazifuta. Nikiuliza habari za macho, mama alisema, "Yanangoja zamu," nami sikuchimba.

Mwezi wa saba, wiki ya kwanza, kaka akapiga. Yeye hutuma ujumbe, hapigi. Nilikuwa nakunja nguo za Mwalimu.

"Sista, niambie tarehe. Tarehe yoyote."

"Kwani kuna nini?"

"Mama amekataa kwenda kufanyiwa macho. Mwezi wa tano alikataa. Wakampa nafasi ya mwezi wa sita, akakataa. Sikukuambia kwa sababu nilijua unakuja sasa hivi."

"Anakataa kwa nini?"

"Anasema hafunguliwi macho mpaka ufike. Anataka wakitoa bandeji, mtu wa kwanza kumwona uwe wewe."

Nilikaa juu ya zile nguo.

"Sasa jicho la kushoto linamuuma," kaka akaendelea. "Leo nimemlazimisha twende kliniki. Daktari anasema mtoto wa jicho ameiva kupita kiasi, presha ya jicho imepanda. Amesema kila siku tunayongoja tunalitupa hilo jicho. Mama amemwambia atangoja. Wewe ndiye mama anayemsikiliza. Kama huji wiki hii, mwambie aende, utamkuta ameshafunguliwa. Lakini hataniamini mimi, na wewe ukimwambia hivyo atasema, si afadhali nikungoje hizo siku chache?"

Alikuwa amesema kweli. Madamu mama anaamini nipo njiani, angengoja mpaka apofuke. Kitu cha kumtoa nyumbani kilikuwa kimoja tu, ukweli, nacho kilikuwa kwangu.

Asubuhi iliyofuata nilifika Bowie sijalala. Mezani palikuwa na kisanduku kikubwa cha mteja aliyetaka kuhifadhia barua za mama yake, na Mwalimu alikuwa ameamua kivishwe ile karatasi yangu ya nili. Nikaipaka gundi, nikaichukua, nikaibandika.

"Bado. Itulie," Mwalimu akasema, mkono juu.

Nikaendelea kusukuma. Mkunjo ukatokea katikati ya maua, nikausukuma, ukawa miwili. Nikavuta, karatasi ikachanika.

"Umeiharibu karatasi, binti."

"Karatasi, karatasi!" Nikautupa ule mfupa sakafuni. "Wewe na karatasi hii karatasi hizi! Haya ndiyo yamenifikisha hapa!" Na yote yakatoka, viza, miaka kumi na tatu, mama, vigelegele, beberu, jicho, kwa Kiswahili cha Nakuru cha mbio, kimechanganyika na kilio na kamasi. Najua si haki. Mzee wa watu hakunituma kupiga simu. Lakini mtu akijichukia sana humtafuta wa kumgawia.

Mwalimu alinisubiri mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema, taratibu, "Kuna neno moja sikulielewa. Haya makaratasi unayosema, ni yapi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku anautazama mkono wake uliolala juu ya mapaja.

"Kumbe yapo," akasema.

Akaisukuma simu yangu juu ya meza, kwa mkono wa kushoto, mpaka ikanifikia. "Piga."

"Ni rahisi kwako. Wewe una pasipoti kwenye droo. Mama yako ulimzika mwenyewe, kwa mikono yako."

"Ndiyo," akasema. "Kwangu ni rahisi. Piga."

Ilikuwa saa tano asubuhi, kwao saa kumi na mbili jioni. Mama akashika mlio wa pili.

"Mama, uko peke yako?"

"Niko na huyu wajina wako, anakula kamba." Alikuwa anacheka. "Niambie. Wametoa tarehe?"

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa. Kipofu anasimama akaone nini?"

"Karatasi zilizofika si zile."

"Zile zipi?"

"Si za serikali. Ni karatasi tu, mama. Za mapambo. Niliziagiza kutoka Japani, za kuvisha visanduku, ndiyo kazi ninayofanya kwa huyu mama. Nilifurahi zilipokuja nikakupigia. Sina makaratasi. Sijawahi kupata. Siji, mama."

Nilimsikia beberu. Nilisikia redio ya jirani ikisoma habari. Nilihesabu pumzi za mama.

"Lakini ulisema zina jina lako."

"Jina lilikuwa juu ya mzigo."

"Aa. Na muhuri? Na barua? Miezi mitatu hii?"

"Nilikudanganya. Niliogopa. Nisamehe, mama."

Hakusema amenisamehe. Nilingoja, hakusema. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, vidole vimeganda kwa gundi, na Mwalimu ametazama pembeni kwa adabu.

Halafu mama akauliza, "Hizo karatasi zikoje?"

"Mama?"

"Za Japani. Nimezipigia vigelegele mtaa mzima. Niambie zikoje."

Nikamwambia. Nilimwambia ni za buluu, ile buluu ya anga kabla ya mvua kubwa ya jioni, zina maua meupe madogo kuliko ukucha, yana majani matano matano. Nilimwambia kuhusu mistari ya dhahabu, kwamba ukiiinamisha karatasi inang'aa na ukiirudisha inazima. Nilimwambia ukiigusa ni laini lakini haichaniki ovyo. Nilijikuta nimekishika kile kipande kilichoharibika, nakipapasa nikimweleza. Hakunikatiza hata mara moja.

"Ni nzuri," akasema. "Mwambie kaka yako anipeleke kesho. Na sasa kata simu, mwanangu. Nataka kulia, na sitaki unisikie."

Nikakata. Mwalimu akanishika mkono kwa kile kiganja chake kizima, mpaka saa ya dawa zake ikafika nikainuka.

Walimpasua wiki hiyo hiyo. La kushoto walilifungua wakakuta limekwisha. La kulia walilifanya siku kumi baadaye, nalo likaitika. Kaka aliniambia kwa ujumbe, kwamba daktari amesema mwezi wa tano la kushoto lingepona. Tarehe ile nilikuwa naijua. Ilikuwa wiki ile niliyosema barua imekosewa tarehe. Hakuna anayenilaumu kwa mdomo. Akina mama wa maombi wamezikunja sare zao. Beberu walimuuza. Jicho la mama liko shingoni mwangu na sijui nitalitua wapi.

Siku walipotoa bandeji ya jicho la kulia, mama alimwambia kaka anipigie kwenye simu yake, ile yenye picha. Nilikuwa chumbani kwangu, Langley Park, ni asubuhi, nimejiandaa tangu alfajiri. Nilikuwa nimesuka nywele, nimepaka mafuta, nimekaa dirishani ili mwanga unipige usoni. Picha aliyo nayo ukutani ni ya siku niliyoondoka, nina miaka ishirini na sita na mashavu yamejaa. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilichofikiria ni kwamba sasa angalau ataniona, kwa jicho hilo moja, hata kama ni kwenye kioo.

Simu ikatikisika, paa, ukuta, kisha uso wa mama ukaja karibu sana. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka. Lile jicho lilikuwa jekundu na linatoa machozi, lakini lilikuwa linaona, nililiona linaona. Lilianza kwenye paji la uso wangu, likaenda kwenye mvi za pembeni, likashuka kwenye miwani, kwenye mikunjo ya mdomo, likarudi juu. Nilikuwa nangoja aseme jina langu.

Akamgeukia kaka. "Huyu ni nani?"

"Mama, si ni yeye?"

Akanirudia tena. Nikaona anajitahidi.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Akalifumba lile jicho. "Sema tena."

"Ni mimi."

"Sauti ni yake," alimwambia kaka, na hakulifumbua.